Kima ni Yuleyule

Machi 2024, kundi dogo la watengenezaji filamu wa Toronto, Kanada, linaloitwa shy kids, lilitoa filamu fupi yenye jina la Air Head. Haifiki dakika moja na nusu. Inamhusu mwanamume ambaye badala ya kichwa ana puto la njano, naye anatusimulia maisha ya mtu wa namna hiyo, anayeogopa upepo na kila kitu chenye ncha. Picha zake zilitoka kwenye Sora, modeli ambayo OpenAI ilikuwa imeitangaza Februari 15 mwaka huo na ambayo watu wa kawaida walikuwa bado hawajaruhusiwa kuigusa. Wengi walioitazama walidhani, na si ajabu, kwamba mtu aliandika sentensi chache, akabonyeza kitufe, filamu ikatoka.

Patrick Cederberg, mmoja wa walioitengeneza, alieleza baadaye jinsi kazi ilivyokwenda. Watu watatu waliifanya kwa wiki moja na nusu hadi mbili. Kwa makadirio yake, kwa kila kipande kilichoingia kwenye filamu walikuwa wametengeneza kama vipande 300. Puto walilotaka liwe la njano lilitoka na rangi nyingine. Mara mashine ilichora uso juu ya puto, pengine kwa sababu katika video ilizofundishiwa, juu ya mabega ya mtu hukaa uso. Klipu nyingi zilitoka na mwendo wa kuvuta, ikabidi waziharakishe wakati wa kuhariri. Makosa mengine waliyafuta kwa mkono, fremu kwa fremu. Na ili mhusika afanane na nafsi yake kutoka shoti hadi shoti, njia waliyokuwa nayo ilikuwa kueleza kwa kirefu, kila mara, amevaa nini na puto lake ni la aina gani, kana kwamba mashine haijawahi kumwona.

Na kweli ilikuwa haijawahi kumwona. Modeli nyingi za aina hii huanza na chenga, zile zilizokuwa zikijaa kwenye televisheni antena ilipopeperushwa. Zimefundishwa kwa video nyingi mno zilizovurugwa makusudi, zikatakiwa kuzisafisha, mpaka zikaweza kuanza na chenga tupu na kuzisafisha kuelekea kile kilichoandikwa kwenye maelekezo. Klipu ya sekunde 8, kwa fremu 24 kila sekunde, ina fremu 192. Mashine haizichori moja baada ya nyingine kama mchora katuni. Huzisafisha kwa pamoja, kila kipande kikiangalia vipande vingine vya klipu hiyo, vya fremu ileile na vya fremu za kabla na baada. Ndiyo maana ndani ya klipu moja shati hubaki lilelile. Klipu ikiisha, yamekwisha. Ukiomba nyingine, zinamwagwa chenga mpya, na ndani yake hamna habari yoyote ya lile shati.

Katika filamu ya kawaida, vitu vyenyewe hubeba kumbukumbu. Mwigizaji ana sura yake, nyumba ina mlango wake, na kesho vyote vitakuwepo. Hata hivyo, kwenye uzalishaji wenye fedha, kuna mtu anayelipwa kukaa pembeni na daftari akiandika glasi ilikuwa mkono upi na kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi. Ni msimamizi wa mwendelezo. Kwenye video za akili mnemba hakuna mwigizaji wala mlango, kwa hiyo daftari ndilo linalobaki kuwa ushahidi pekee kwamba mhusika yupo. Anayetaka kusimulia kisa cha sini kadhaa kwa mashine hizi huchukua kwanza kazi ya daftari, kisha ndipo awe mwongozaji. Nimeona vijana wenye vipaji vikubwa wakivunjika moyo kwa sababu waliingia wakiamini kwamba kazi ni kuandika maelekezo matamu. Klipu ya kwanza iliwapendeza, ya pili ikamleta mtu mwingine.

Kabla ya kufika kwenye mbinu, inafaa kwenda Moscow, miaka ile baada tu ya mapinduzi ya Urusi. Lev Kuleshov alikuwa kijana mwenye filamu chache mbichi na maswali mengi. Alichukua uso wa mwigizaji maarufu, Ivan Mozzhukhin, uliotulia bila kuonyesha lolote, akauunganisha na picha nyingine. Vsevolod Pudovkin, aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimulia kwamba picha hizo zilikuwa bakuli la supu, maiti ya mwanamke ndani ya jeneza, na mtoto wa kike akicheza. Watazamaji walisifu uigizaji: jinsi alivyoikodolea supu kwa njaa, jinsi alivyomsikitikia marehemu, jinsi alivyomfurahia mtoto. Uso ulikuwa mmoja, na haukuwa umefanya kitu.

Jaribio hilo linajulikana. Lipo jingine la Kuleshov huyohuyo ambalo halitajwi sana, nami naona linatufaa zaidi. Alishuti midomo ya mwanamke mmoja, miguu ya mwingine, mgongo wa mwanamke wa tatu na macho ya wa nne, akaviunganisha, na kwenye skrini akatokea mwanamke mmoja ambaye hajawahi kuzaliwa. Hili lilifanyika zaidi ya miaka 100 iliyopita, bila kompyuta. Linatuambia kwamba mtazamaji hafanyi ukaguzi wa mhusika kama askari wa uhamiaji. Anataka awe mmoja, na atamfanya awe mmoja, mradi usimpe sababu ya kukataa. Kwa hiyo, badala ya kudai mashine ifananishe kila unywele, tafuta ni wapi jicho la mtazamaji litatua katika kila shoti, kisha nguvu zako zote za kufananisha zipeleke hapo.

Tuchukue kisa tunachokijua wengi: kima na papa. Kilikuwa kikisimuliwa Zanzibar muda mrefu, na mwaka 1870 Edward Steere alikichapisha London katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Kima anakaa juu ya mkuyu uliopeleka nusu ya matawi yake baharini. Papa anakuja kila siku, kima anamtupia matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamweleza ukweli: sultani wa kwao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha juu ya miti, kwa hiyo warudi wakauchukue. Wanarudi. Kima anaruka juu ya mti, ananyamaza, na papa akizidi kuita, anasimuliwa kisa cha pili, cha punda wa dobi.

Kisa hiki ni kizuri kwa somo letu kwa sababu kinaonekana chepesi. Wahusika ni wawili, mahali ni pawili. Kwa dakika tatu na shoti za wastani wa sekunde nne na nusu, utahitaji kama shoti 40. Kila moja kati ya hizo 40 ni nafasi ya kima kugeuka kima mwingine.

Anza na kima gani. Ukiandika tu kwamba unataka tumbili juu ya mti kando ya bahari, mashine itakupa tumbili wa wastani, mchanganyiko wa wote iliowaona, na wastani hauna sura ya kukumbukwa. Mimi ningemchagua kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake na ambaye mtu yeyote anaweza kwenda kumtazama Jozani. Mgongo wake una wekundu wa kutu, uso ni mweusi, midomo na pua vina alama ya waridi, na kichwani ana nywele ndefu nyeupe zilizosimama ovyo. Mikono yake haina dole gumba la maana. Limebaki kama kinundu tu. Hizo ni alama nne au tano ambazo jicho linazishika hata kwa mbali, na mhusika wa video za akili mnemba anahitaji alama za namna hiyo kuliko anavyohitaji uzuri. Angalia pia kwamba mashine itapenda kumrudishia dole gumba. Ukimwacha na dole gumba kwenye shoti moja na bila hilo kwenye nyingine, watoto watakuwa wa kwanza kukuuliza.

Mti nao ni mhusika. Matunda ya mkuyu huota kwa vishada juu ya shina na matawi manene, na mashine iliyozoea matofaa itayaning'iniza kwenye ncha za matawi. Papa ana matundu matano ya kupumulia kila upande, na mkia wake umesimama wima, unapiga kushoto na kulia. Mkia wa pomboo umelala, unapiga juu na chini. Klipu ambamo papa anaogelea kwa kupiga mkia juu na chini inaweza kuwa nzuri ajabu kwa mwanga na mawimbi, nawe utaipenda, na inabidi uitupe. Mvuvi wa Nungwi akiiona ataacha kuamini kila kitakachofuata.

Kila mmoja wa hawa atengenezewe kwanza picha mgando, kabla ya video yoyote: kima wa mbele, wa ubavu, wa nyuma, na uso kwa karibu, mbele ya ukuta mtupu na kwenye mwanga usio na rangi. Hizi ndizo picha rejea. Hadi mwaka 2024 ilikuwa kazi ngumu kuzipata zikifanana. Mambo yamebadilika haraka. Runway walipotoa Gen-4 mwishoni mwa Machi 2025, walichokitanguliza mbele ni uwezo wa kumpa modeli picha ya mhusika ikambeba kwenye mahali pengine. Google walitoa Veo 3 mwezi Mei mwaka huo, pamoja na Flow, programu ya kuunganishia klipu zake, na kufika Agosti modeli yao ya picha iliweza kumchukua mhusika mmoja na kumgeuza upande, kumkalisha, kumbadilishia mandhari, bila kumpoteza sana. Kwa hiyo njia iliyo salama leo ni ya hatua mbili. Tengeneza kwanza picha mgando ya kila shoti kwa kutumia picha rejea. Ukiridhika kwamba huyu ni kima wako na mti ni mti wako, ndipo uipe modeli ya video picha hiyo iwe fremu ya kwanza, na maelekezo yako yaseme tu nini kinasogea.

Pamoja na picha, andika aya moja ya kudumu kwa kila mhusika na uibandike bila kubadili neno. Ukisema leo "wekundu wa kutu" na kesho "hudhurungi", umemwomba kima mwingine. Modeli nyingi zimesoma Kiingereza kingi kuliko lugha nyingine yoyote, na aya hizi huenda zikakubalika vizuri zaidi zikiandikwa kwa lugha hiyo. Hilo lisikufanye uandike na kisa chenyewe kwa Kiingereza. Mpangilio wa sini, mazungumzo, pumzi za msimuliaji, vyote viandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu humo ndimo mna mwendo wa kisa. Aya za mashine ni vibao vya duka tu.

Sasa mwelekeo, jambo ambalo wengi hulipuuza na ambalo katika kisa hiki ni nusu ya maana. Amua kwamba pwani iko kushoto kwa mtazamaji na bahari kuu iko kulia. Safari ya kwenda, papa aelekee kulia katika kila shoti. Safari ya kurudi, aelekee kushoto. Wapiga picha wa filamu wameishi na kanuni hii muda mrefu: kuna mstari wa kufikirika kati ya wahusika, na kamera haiuvuki ovyo, la sivyo anayekwenda ataonekana anarudi. Mashine inajua jinsi papa anavyoogelea, lakini haijui kwamba shoti iliyopita alikuwa akielekea kulia. Itakupa upande wowote. Ukiacha hivyo, mtazamaji ataona kima na papa wakizungukazunguka majini, na ule wakati ambapo papa anageuka kumrudisha kima pwani, ambao ndio ushindi wa kima, utapita bila kuhisiwa. Ukiwa umeshika mwelekeo tangu mwanzo, shoti moja tu ya papa akielekea kushoto itamfanya mtoto wa miaka sita aelewe kwamba kima ameshinda, kabla msimuliaji hajafungua mdomo. Klipu nzuri iliyoangalia upande usio wake inaweza kugeuzwa kama kwenye kioo wakati wa kuhariri, ikiwa hakuna maandishi ndani yake.

Iko njia ya mkato ambayo lazima niitaje kwa sababu kila mtu huijaribu: kuchukua fremu ya mwisho ya klipu moja na kuifanya fremu ya kwanza ya inayofuata. Kwa klipu mbili inafanya kazi vizuri, na safari ya baharini inanufaika nayo. Kwa klipu tano au sita mfululizo, kasoro ndogo ya kila hatua hurithiwa na kuongezwa. Rangi zinakolea, manyoya yanakuwa laini kama plastiki, alama ya waridi inaenea usoni. Kima anaondoka pwani akiwa yeye na kufika katikati ya bahari akiwa sanamu ya dukani. Kila baada ya kiungo kimoja au viwili, rudi kwenye picha rejea ya awali. Kanuni hiyo pia inakupa uhuru wa kukata, na kisa kisichokatwa huchosha.

Tufike mahali nilipopangojea. Papa amesema. Kima amejua kwamba anapelekwa kuuawa, maji yamemzunguka pande zote, na lazima ajibu sasa. Katika usimulizi wa mdomo, bibi hunyamaza kidogo hapa, na watoto wote wanasogea. Je, mashine itachora vipi kufikiri?

Haiwezi, na usiiombe. Ukiandika kwamba kima "anawaza kwa hofu kisha anapata wazo", utapata kima anayekunja nyusi, anapanua macho, anainua dole gumba ambalo hata hana. Modeli hizi zinapenda mwendo, na zikipewa hisia huzipaka usoni kwa rangi nzito. Agiza kinyume chake: uso wa kima kwa karibu, kamera imesimama, kima ametulia, macho tu, upepo kidogo kwenye nywele nyeupe. Sekunde nane. Kisha tengeneza shoti moja ya pwani kwa mbali, mkuyu mdogo kama ukucha juu ya mstari wa maji. Na nyingine ya maji meusi chini ya papa. Kwenye meza ya kuhariri, ikate ile klipu ya uso mara mbili. Weka sekunde tatu za uso, maji meusi, kisha pwani ya mbali, kisha uso tena, sekunde nyingine za klipu ileile. Kima amefikiri. Kila atakayetazama ataapa kwamba aliona wazo likimjia, na hakuna klipu hata moja iliyo na wazo ndani yake.

Zingatia faida nyingine iliyojificha hapo. Nyuso mbili za sini iliyo nzito kuliko zote zimetoka kwenye klipu moja, kwa hiyo kima wa kabla na kima wa baada ni yuleyule kwa hakika, bila bahati nasibu. Panapohitajika kufanana sana, tumia klipu moja uigawanye. Panapohitajika kidogo, kama kima akionekana kwa nyuma juu ya mgongo wa papa, doa dogo jekundu juu ya maji, hata mashine nyingine kabisa inaweza kukuchorea na hakuna atakayejua. Kuleshov alitumia wanawake wanne.

Sauti nayo huunganisha kuliko tunavyoisifu. Veo 3 ilipotoka ilivutia watu wengi kwa sababu ilitoa picha na sauti pamoja: mawimbi, nyayo, hata maneno. Kwa klipu moja ni jambo kubwa. Kwa kisa cha shoti 40 ni bahari 40, kila moja na mvumo wake, na kila mkato utasikika kama mlango uliofunguliwa ghafla. Zima sauti hizo zote. Nenda ufukweni na simu, rekodi dakika tano za bahari moja, ulaze chini ya safari nzima. Sikio likishashika bahari moja, jicho linasamehe tofauti nyingi za rangi ya maji.

Na msimuliaji awe mtu. Nalisema hili kwa moyo wote. Papa mwenye meno yale akifumbua mdomo kutamka Kiswahili, midomo isiyokuwepo ikijaribu kufuata silabi, huchekesha pasipotakiwa kicheko. Sisi tunayo mazoea mengine. Afrika Mashariki watu wengi wamezitazama filamu za kigeni kwa sauti ya mtu mmoja anayezisimulia juu yake: DJ Afro kule Kenya, Lufufu hapa Tanzania, VJ Jingo Uganda. Sauti moja ilimbeba shujaa, adui, mama mzazi na mlipuko wa gari, na hakuna aliyelalamika kwamba midomo haikufuata. Mtazamaji wetu ameshazoea kwamba picha inaweza kuruka popote mradi sauti haijaruka. Rekodi basi msimuliaji kwanza, kisa kizima, kuanzia paukwa hadi mwisho, kwa mwendo wake mwenyewe na vituo vyake. Kisha kata picha kuifuata sauti hiyo. Shoti itadumu kadiri anavyodumu, na utajua mapema kwamba pale aliponyamaza panahitaji uso wa kima wa sekunde tatu.

Ukiwa na sauti hiyo na zile picha mgando, unaweza kuunganisha kisa chote kabla ya kulipia klipu moja. Picha 40 zisizosogea, kila moja kwa muda wake, chini ya sauti. Waonyeshe watoto ambao hawakijui kisa, ukae kimya. Wakiuliza "huyu nani?" kwa kima wa shoti ya 23, umeokoa fedha. Wakiuliza "kwani wanaenda wapi?" ni mwelekeo. Daftari lako lifunguliwe hapo: namba ya shoti, picha rejea iliyotumika, maelekezo neno kwa neno, modeli gani na toleo gani, na kwa kila klipu iliyokataliwa, sababu yake kwa maneno machache. Dole gumba. Mkia wa pomboo. Upande. Baada ya muda utaona sababu zilezile zikijirudia, na utaanza kuandika maelekezo yanayozizuia mapema. Tofauti ya mtu anayetumia klipu 300 kupata moja na anayetumia 10 mara nyingi iko kwenye safu hiyo ya sababu.

Kimebaki kisa cha pili, cha punda wa dobi, nacho kina mtego wake. Punda amemtoroka dobi, amenenepa porini. Sungura anampeleka kwa simba mgonjwa, simba anamrukia, punda anaponyoka na majeraha. Sungura anamfuata tena, anampamba kwa maneno, na punda anarudi. Simba anamuua. Sungura anakula moyo na masikio, na simba akiviulizia anajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi. Uzito wote wa kisa uko kwenye kurudi kule. Punda anayerudi lazima awe na mikwaruzo ya simba mgongoni. Ukitumia picha rejea ya mwanzo, mashine kwa utiifu itakupa punda mzima, msafi, na mtazamaji hataona upumbavu wowote kwa mnyama asiye na jeraha kumtembelea simba. Kwa hiyo punda anahitaji picha rejea mbili, ya kabla na ya baada. Vivyo hivyo kima: manyoya makavu akiondoka, yaliyolowa akirudi. Watu hushughulika sana na sura ibaki ileile na kusahau kwamba kilichompata mhusika nacho lazima kibaki.

Kisa hiki cha ndani kingefaa kiwe na mtindo tofauti wa picha, ili mtazamaji ajue ameingia kwenye hadithi iliyo ndani ya hadithi. Wazo la kwanza la Mtanzania yeyote litakuwa mtindo wa Tingatinga, na ni wazo zuri: wanyama wenye macho makubwa, rangi za mafuta zinazong'aa, ardhi isiyo na kivuli. Mashine itaukubali mtindo huo ukiutaja. Mimi nakuomba usiutaje. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini wachoraji waliorithi kazi yake wako Dar es Salaam wakichora na kuuza leo, na hao wanaishi kwa brashi. Mwombe mmoja wao akuchoree picha sita au saba za punda, simba, sungura na dobi, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema kwamba zitasogezwa kwa mashine na kuonyeshwa hadharani. Atachora mikwaruzo ya simba mahali palepale kila mara bila kukumbushwa. Dobi atamwanikia kanga kwenye kamba, na chini ya mji wa kila kanga, ndani ya pindo, jina litasomeka, jambo ambalo mashine huliharibu karibu kila mara kwa kuandika herufi zinazofanana na herufi. Unapozipa picha hizo modeli ya video, agiza kanga zitulie kabisa na asogee punda peke yake, kwa sababu kitambaa kikipepea maandishi yatayeyuka.

Kwa kuwa zina maandishi, picha hizo pia hazigeuzwi kama kwenye kioo. Mweleze mchoraji tangu siku ya kwanza kwamba simba anakaa kulia na nyumbani kwa dobi ni kushoto, na umpe ule mpangilio wa shoti pamoja na rekodi ya msimuliaji aisikilize anapochora. Jina lake lionekane mwanzoni mwa video, pamoja na la msimuliaji na tamko kwamba sini za baharini zimetengenezwa kwa akili mnemba, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kwenye simu.